Yule dada wa Kijapani

Saa tatu usiku, mwezi wa saba. Nimelala chali ndani ya gari langu, Toyota Spacio, miguu nje ya mlango wa dereva, kichwa chini ya usukani, tochi ndogo nimeing'ata kwa meno. Baridi inayoshuka kutoka mlima Loleza imenishika hadi magotini. Mke wangu amekwisha kutoka barazani mara mbili kunitazama. Mara ya kwanza hakusema neno. Mara ya pili alinitupia kitenge nijifunike miguu, akarudi ndani.

Ufunguo uko hatua ya kwanza. Redio nimeiacha inaimba kwa sauti ya chini ili nijue umeme upo. Naingiza vidole viwili nyuma ya swichi kuvuta fungu la nyaya nipate nafasi.

Redio ikazima.

Ikawaka. Na yule dada wa Kijapani akaongea.

Wenye magari yaliyotoka Japani mnamjua. Ukizungusha ufunguo tu, anakusemesha kwa adabu zote kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani kwako anayeielewa. Kwangu anakaa ndani ya kidude cheusi kilichobandikwa chini ya dashibodi, cha kulipia barabara za kulipia za kwao. Wajapani walianza kulipa hivyo nchi nzima mwaka 2001: unachomeka kadi, unapita getini bila kusimama. Huku kwetu hakuna geti wala kadi, kwa hiyo kazi yake yote ni kutukumbusha kila asubuhi kwamba kadi haijaingizwa. Wanangu wamezoea kumjibu: "Shikamoo."

Nikagusa nyaya tena. Redio kimya. Nikaachia. Redio ikarudi, na dada akaanza upya habari za kadi yake.

Mara ya tatu sikugusa kitu. Nilibaki nimelala palepale, meno yananiuma kwa ile tochi, nimeelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa.

Redio

Magari haya huja na redio inayonasa FM ya kwao, megahetsi 76 mpaka 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kinachobaki cha kusikiliza ni kijisehemu chembamba, kwa hiyo mwaka mzima wa kwanza redio yangu ilikuwa pambo, haiwashwi.

Miaka miwili iliyopita nikalipeleka gari kwa fundi rewaya mmoja wa Ilomba, anayefanyia kazi chini ya bati, pembeni ya duka la spea. Nilimwachia ufunguo nikaenda kufundisha vipindi viwili. Niliporudi redio mpya ilikuwa imekaa mahali pake, Mbeya nzima inasikika. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka nikiimba.

Wiki moja baadaye nilikuwa barabara ya Tukuyu, nimeshapita Igawilo, gurudumu la kushoto likaingia shimoni. Redio ikazima, ikawaka.

Ikawa ndiyo tabia yake tangu siku hiyo. Tuta, inazima. Shimo, inazima. Inaweza kukaa wiki nzima haina neno, halafu siku umempakia mgeni inazima mara sita kati ya Uyole na mjini.

Hukumu haikunichukua hata dakika moja. Nani alikuwa wa mwisho kugusa nyaya za redio? Fundi. Basi amezikata, amezisokota kwa vidole, amezungushia tepu nyeusi na kurudishia plastiki juu yake. Sikufungua kuangalia. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba kufungua kungekuwa kupoteza muda.

Wala sikurudi kumwambia.

Ndivyo tulivyo wengi wetu. Mtu akikerwa na fundi harudi kugomba. Anahama, na kule anakohamia anakwenda na maneno. Nilimwambia shemeji yangu, aliyekuwa anajiandaa kumpelekea Noah yake afungiwe kamera ya nyuma. Akaipeleka Mwanjelwa kwa mtu mwingine. Niliwaambia walimu wenzangu ofisini. Nilimwambia jirani, nikamwambia mzee mmoja wa kanisani aliyeuliza tu kwa wema ni wapi nilifungiwa redio nzuri namna ile. Nilikuwa hata na sentensi yangu ya kuchekesha, na kila nilipoitoa watu walicheka: yule bwana anakata waya kama anakatia ng'ombe majani.

Nilipopita Ilomba nilikuwa napandisha kioo.

Bila kukata

Mwezi wa nne, jirani yangu wa mtaa wa pili aliamka akakuta saiti mira zote mbili zimeondoka, na walichokifanya wezi kutafuta njia ya kuingilia ndani sina haja ya kuwaeleza, wengi mmeshayaona. Ufunguo wa gari langu hauna chipu. Anayejua kuzungusha swichi kwa bisibisi anaondoka nalo kabla chai haijachemka. Nikaanza kutafuta alamu.

Alamu zenyewe si ghali. Kilichonitisha ni kuifunga. Alamu inataka kuungwa na nyaya za swichi ya ufunguo, na namna ya kawaida ni fundi kuvua ngozi ya waya, kuunga wake juu yake, na mahali pa kuzuia stata ni kuukata kabisa. Nilipofikiria mtu mwingine anaingiza koleo chini ya dashibodi yangu nilihisi tumbo linajikunja.

Usiku mmoja nikakutana na video ya kijana anafunga alamu bila kukata hata unyuzi. Ana kifungu kifupi cha nyaya chenye soketi pande zote mbili. Anachomoa soketi ya gari kutoka kwenye swichi, anachomeka kile kifungu katikati: upande mmoja unaingia kwenye swichi, upande wa pili unaipokea soketi ya gari. Katikati yake nyaya zimetoa matawi, na matawi ndiyo yanayokwenda kwenye boksi la alamu. Siku ukiichoka, unachomoa, gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani.

Nilirudia ile video mara nne. Niliitazama kwa hamu ya mpangaji aliyeambiwa kuna nyumba ambayo mwenye nyumba haishi uani.

Vifungu vya namna hii si vipya. Vimetengenezwa kwa magari ya Kijapani miaka mingi, hasa kwa ajili ya turbo taima, kile kidude kinachoiacha injini ikiunguruma dakika moja mbili baada ya kuchomoa ufunguo ili turbo ipoe. Spacio yangu haina turbo, lakini soketi ya swichi haiulizi nyuma yake umefunga nini. Nikamwagiza mtu wa Kariakoo. Wayaringi ya kuchomeka 38,000, alamu yenyewe 65,000, nauli ya basi juu yangu. Mzigo ukaja umefungwa kwa kanda ya njano kama maiti wa Misri.

Nimejiuliza sana tangu hapo nilikuwa nanunua nini hasa. Soketi, ndiyo. Lakini kwa bei ile nilikuwa najinunulia pia uhuru wa kutomtazama mtu machoni na kumuuliza, "Fundi, utaifanyaje hii kazi?" kisha kulisikiliza jibu lake.

Rangi zinadanganya

Nilianza Jumamosi mchana na niliamini nitamaliza kabla ya magharibi. Nilifungua hasi ya betri nikasubiri zaidi ya sekunde 90, kwa sababu usukani una mfuko wa hewa na umeme wake haufi mara moja. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa. Hizo usiziguse hata kwa kuzipekua. Skrubu tatu chini ya usukani, kifuniko kikatoka vipande viwili. Ukibonyeza kiulimi cha soketi ya swichi na kuvuta kwa subira, inatoka. Ukivuta kwa hasira, kiulimi kinavunjika. (Changu hakikuvunjika. Naweka kumbukumbu sawa, maana yale mengine yaliyofuata hayanipi sifa.)

Kifungu kiliingia vizuri kabisa, pande zote mbili zikalia "tik". Tatizo ni rangi. Karatasi iliyokuja nacho ilitaja rangi fulani, kifungu chenyewe kilikuwa na nyingine, na nyaya za gari zilikuwa na za kwao. Hapo ndipo wengi hufunga macho na kuomba Mungu. Mimi nilirudisha hasi ya betri, nikatoa mita.

Betri yangu ikiwa imepumzika inasoma volti 12.5. Waya unaosoma hivyo hata ufunguo ukiwa mfukoni ni wa umeme wa kudumu. Kwangu zilikuwa mbili. Ufunguo ukifika hatua ya kwanza, anaamka waya wa redio na kile kitundu cha kiberiti tunachochajia simu. Hatua ya pili zinaamka mbili za injini na vitu vyake. Ukipiga stata, waya wa stata unapata umeme kwa muda ule tu ulioushikilia ufunguo, na papo hapo wa redio unakufa; ndiyo maana redio hunyamaza kila unapowasha gari. Kati ya zile mbili za injini, mmoja nao hufa wakati wa stata na mwingine haufi. Alamu hupewa usiokufa.

Nilikuwa nafurahi, nikiri tu. Nafundisha fizikia sekondari, na miaka imepita tangu niipime sakiti ambayo sikuwa naifahamu majibu yake. Nilikuwa nikiandika namba kwenye kiganja, jua likazama sijui, nikawasha redio inipe kampuni.

Kisha nikaingiza vidole viwili nyuma ya swichi.

Kibanio chekundu

Niliufuata waya wa redio kwa kidole kuanzia kwenye soketi kwenda chini. Kama upana wa kiganja hivi, chini ya tepu ya kiwandani iliyochanwa, kidole kikagonga plastiki.

Kibanio. Chekundu, kidogo, kimeng'ang'ania pale kama kupe shingoni mwa ng'ombe. Kutoka kwenye kibanio kile waya mwembamba ulipinda kulia moja kwa moja hadi kwenye kidude cheusi cha dada.

Vibanio hivi ni kazi ya haraka. Ndani yake mna kijibati chenye mfereji. Unapokibana, kijibati kinapasua ngozi ya waya na kugusa shaba. Vinatengenezwa kwa saizi, na rangi ndiyo inayoonyesha saizi. Chekundu ni cha nyaya nyembamba. Ukikibana kwenye waya mnene kama ule unaotoka kwenye swichi, mfereji hautoshi, na kile kijibati badala ya kugusa shaba kinaikata. Nilipokitoa nikahesabu nyuzi zilizokuwa bado nzima. Tatu. Zilizobaki zilikuwa vijisiki, vingine vimegeuka kijani.

Aliyekibana alifanya hivyo Japani, kabla gari halijapanda meli.

Nyuzi tatu zinatosha kupitisha umeme gari likiwa limetulia. Mita ukiigusisha itakusomea 12 na kitu, haina taabu, maana mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Ila tingisha, au washa redio huku simu inachaji, ndipo waya unapoonyesha hali yake.

Simu! Kwa miaka miwili simu yangu ilikuwa inaacha kuchaji njiani. Nilinunua chaja tatu. Nilizilaani chaja za siku hizi darasani, mbele ya watoto, kama mfano wa bidhaa hafifu. Fundi wa redio hakuwahi kugusa kitundu cha kiberiti, na mimi sikuwahi kukaa chini nikajiuliza imekuwaje vitu viwili viugue ugonjwa mmoja.

Na vilikuwa vitatu. Dada haongei ovyo. Anaongea anapoamka tu. Kila redio ilipokata naye alikatwa, na kila uliporudi umeme aliamka akaanza upya. Tuta la Uyole, redio kimya, redio inarudi, dada anaongea. Shimo la Igawilo, vilevile. Miaka miwili shahidi tunaye ndani ya gari, anatoa ushahidi kwa sauti, nasi tunamjibu shikamoo.

Kila mwaka nachora ubaoni balbu tatu kwenye sakiti moja, nawauliza wanafunzi: zikizima zote kwa pamoja, utaanza kutafuta wapi? Asiyesema "kwenye waya wanaoshirikiana" namkata alama mbili.

Usiku uleule nikaitoa redio. Nilitaka walau nimkute na kosa lake, hata dogo, nipate pa kushika. Nyuma ya redio palikuwa na plagi mbili, ya matundu kumi na ya matundu sita, zile za Toyota zenyewe, zimechomekwa kwenye soketi za kuziunganisha na redio mpya. Nyaya za gari hazikuwa na jeraha. Viungio vya upande wa redio vilikuwa vimelehemiwa kwa risasi na kuvishwa mpira mmoja mmoja.

Hakukata hata waya mmoja.

Nilikuwa nimetumia 38,000 na nauli ya basi kumkwepa mtu aliyenifungia redio kwa kuchomeka.

Kifuniko kwenye kiti cha nyuma

Kwa wiki tatu niliendesha gari hivyo, swichi wazi, nyaya zinaning'inia juu ya goti, kifuniko cha usukani kimelala kiti cha nyuma pamoja na madaftari ya kusahihisha. Walioniona waliuliza kama nimeibiwa.

Alamu ilikuwa haijaisha. Kifungu cha kuchomeka kinamaliza nyaya za swichi tu, na hilo matangazo hulisema kwa herufi ndogo au halisemi kabisa. Alamu inataka pia waya wa milango ijue mlango ukifunguliwa, nyaya za sentalok ifunge na kufungua, waya wa indiketa zipepese, na king'ora huko chini ya boneti. Hizo hazina soketi ya kuchomeka katikati kwa gari langu. Hizo lazima uziunge.

Na waliotengeneza alamu wamekufikiria. Ndani ya boksi kuna kifuko cha nailoni, na ndani ya kifuko kuna vibanio vinane. Vyekundu.

Nilikaa navyo mkononi muda mrefu kuliko inavyostahili. Vingemaliza kazi kwa nusu saa. Shuleni pia kuna chuma cha kulehemu. Niliomba ruhusa nikakileta nyumbani, nikakiweka juu ya kabati la vyombo, nikawa nakiona kila ninapokunywa chai. Kulehemu najua. Nilichokuwa sijui ni kwa nini sikianzi.

Kulikuwa na kauli moja niliyojiambia mara nyingi wiki zile, na bado siioni kuwa ya kijinga: yule fundi hajui. Sikumwambia kitu usoni. Kwake yeye mimi ni mteja aliyelipa, akashukuru, akapotea kama wateja wanavyopotea. Nikienda kumwomba radhi nitakuwa nampelekea matusi mapya ambayo hakuwa nayo, ili mimi nipate kulala. Huo ni uungwana?

Halafu napita Ilomba, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kioo.

Nilianza pia kusikiliza tunavyowasema mafundi. Ofisini kwetu hakuna wiki isiyo na kisa. Fundi cherehani aliyeahidi shati la Pasaka likaja baada ya Pasaka. Fundi seremala na kitanda. Fundi bomba. Wote waongo, wote wana msiba kila ukiwapigia simu. Na visa vingine ni vya kweli, nimevipata mwenyewe. Lakini safari hii nilipovisikiliza niligundua kwamba hakuna hata kimoja ambacho msimuliaji alirudi kuuliza. Vyote vinaishia mahali pamoja: "Sikwenda tena."

"Umepotea, Mwalimu"

Jumamosi ya nne nilikwenda. Nilikuwa nimeandaa maneno. Alikuwa ameinama ndani ya boneti ya pikapu, akanisikia nazima injini, akainuka, akafuta mikono.

"Umepotea, Mwalimu."

"Nipo, Fundi. Za siku?"

"Nzuri. Nyumbani hawajambo?"

Tukamaliza za nyumbani, za kazi, za baridi. Yale maneno niliyoandaa yalikuwa yamekwenda. Nikatoa kibanio mfukoni nikamwekea kiganjani.

Alikigeuza mara moja. "Hiki si cha kwangu. Mimi hivi situmii."

"Najua."

Nikamweleza kilivyokaa, na nyuzi tatu, na chaja, na dada. Alicheka nilipofika kwa dada, akacheka kweli, akamwita kijana wake aje asikie. Nikangoja amalize. Kisha nikasema kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeharibu.

"Nilisikia," akasema.

Alisema hivyo huku anaangalia swichi yangu iliyo wazi, kama vile tunazungumzia mvua.

"Nani alikwambia?"

"Mwalimu, Mbeya ni kubwa hivyo?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniita, hakunipigia, namba yangu alikuwa nayo. Akafikiri kidogo. "Ningekupigia nikwambie nini? Kwamba sikukata? Wote wanasema hawakukata."

Sikuwa na jibu na bado sina. Akaniambia nisogeze gari kivulini.

Naye mwizi atachomoa

Kile kifungu changu alikipenda. Alikichomoa, akakichomeka, akakichomoa tena, akauliza bei na akauliza kama kipo cha IST. Kwa nyaya za swichi, alisema, hakuna sababu ya kukata kama kitu hiki kipo, na kwamba amekuwa akiona vya redio tu.

Halafu akaniuliza stata nimeizuia wapi.

Nikamwonyesha. Palepale kwenye kifungu, kwa rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, iliyokuja na alamu. Nilikuwa nimejivunia hasa sehemu hiyo: nimetumia mguu wa 87a, ule unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala, ili alamu ikifa ghafla nisikwame Kitonga usiku. Na nimezuia stata, sijazuia mafuta, kwa sababu rilei ya mafuta ikileta hitilafu uko kwenye mteremko injini inakuzimikia mkononi.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa mimi ni mwizi."

Akainama, akabonyeza viulimi viwili, akatoa kifungu chote, akarudisha soketi ya gari kwenye swichi yake kama ilivyozaliwa. Sikuhesabu, lakini sikuwa nimemaliza kuvuta pumzi. Gari likawa halina tena kizuizi chochote, na halina alama kwamba liliwahi kuwa nacho.

"Umechomeka. Naye mwizi atachomoa."

Nilikuwa nimeipenda ile wayaringi kwa sababu inatoka bila kuacha jeraha. Haikunijia kichwani kwamba inatoka hivyo kwa kila mtu.

Tukagawana kazi. Umeme wa alamu ukabaki kwenye kifungu. Kizuizi cha stata akakihamisha mbali na swichi, na kwa hicho ilibidi waya ukatwe. Alinitazama kwanza. Nikamwambia kata. Sauti ya koleo ilikuwa ndogo sana kwa kitu nilichokiogopa miaka miwili. Akalehemu, akavisha mpira, akaupasha kwa kiberiti hadi ukabana. Waya wa redio akaukata vijisiki vyote na kuuunga upya, shaba safi kwa shaba safi. King'ora kimeangalia chini ili kisinywe maji. Waya wa hasi ameufunga kwenye bodi baada ya kukwangua rangi hadi chuma kikameta.

Mwisho nilimwomba tupime gari likiwa limelala linakula kiasi gani, tukaunga mita katikati ya hasi na betri: miliampia 30. Nikampigia hesabu kwenye vumbi la boneti. Kwa siku ni ampia-saa 0.72, kwa mwezi karibu 22, yaani gari likikaa mwezi bila kuwashwa, betri ya ampia-saa 45 inabaki nusu. Alifurahia hesabu ile, akamwita tena kijana wake.

Kizuizi kiko wapi, hapa sitaandika. Mjini hapa tunajua watu wawili, na mmoja wao nilimsema kwa miaka miwili.

Akataja bei ya kazi. Nikatoa zaidi, nusu nyingine juu yake, nikasema asante. Akahesabu noti, akatenganisha zake, zilizobaki akanirudishia mkononi mwangu bila maneno. Niliona aibu kwa noti zile kuliko kwa yote niliyokuwa nimekiri.

Dada wa Kijapani ameng'olewa. Sikutoa amri hiyo. Kibanio kilipotoka hakuwa na mahali pa kunywea umeme. Wanangu walimuulizia siku mbili.

Majina tisa

Nimejaribu kuandika kwenye simu orodha ya niliowaambia. Wametimia tisa, wale ninaowakumbuka. Hapo hawamo waliosimuliwa na hao tisa, wala waliocheka ile sentensi ya ng'ombe wakaenda nayo makwao.

Mpaka leo nimewafikia wanne. Ni kazi ya ajabu. Mtu unamsimamisha, unamkumbusha jambo aliloshalisahau, ili umwambie halikuwa kweli. Mwalimu mmoja alinisikiliza hadi mwisho akauliza kama naumwa. Mzee wa kanisani alinishika mkono akasema ni vizuri, halafu akaniuliza sasa redio inafanya kazi? Mmoja amehamia Sumbawanga na namba niliyo nayo haipatikani.

Shemeji nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu ya ile Noah. Nilimwonyesha kibanio, natembea nacho kwenye ufunguo siku hizi. Alikitazama, akasikiliza habari za nyuzi tatu, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeelewa.

"Kwa hiyo hiyo hakuharibu yeye," akasema.

"Hakuharibu."

"Sawa." Akanirudishia ufunguo. "Lakini fundi ni fundi, shemeji. Hawa wanakata waya kama wanakatia ng'ombe majani."